Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa siku tatu: mwongozo kamili kwa marafiki wawili wanaotoka Mtwara au Lindi

Mara yangu ya kwanza kwenda Songo Mnara tuliondoka Kilwa Masoko saa kumi na mbili asubuhi, tukafika saa mbili. Ilikuwa tarehe 17 ya mwezi wa Kiislamu, bahari iko kwenye bamvua, maji yanatoka kwa kasi, na hakuna kati yetu aliyeuliza chochote. Saa tano tulipomaliza kuzunguka magofu tukakuta mashua imepwelewa, imelala ubavu juu ya tope, na maji yameshakwenda mbali. Tulikaa pembeni mwa mikoko mpaka saa tisa alasiri tukiwa na chupa mbili za maji kwa watu watano.

Nilirudi tena baadaye na rafiki yangu, mtu wa Newala, aliyekuwa hajawahi kupanda chombo cha majini maishani mwake. Safari hiyo ilikwenda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tuliipanga kwa mwezi na maji kabla ya kupanga kwa kalenda ya kazini. Nataka watu wa huku kwetu waende Kilwa. Wengi tunapita Nangurukuru kila tukienda Dar na hatujawahi kukata kona, wakati wageni wanavuka bahari kuja kuona yaliyo mlangoni petu. Kwa hiyo naeleza kila hatua, hasa zile ambazo mimi niliziruka.

Jua kwanza unakwenda Kilwa ipi

Kilwa ziko tatu na watu huzichanganya. Kilwa Masoko ndiyo mji wa leo, makao makuu ya wilaya, bara, mwishoni mwa lami. Hapo utalala, utakula na kukata kibali. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilicho mbele ya Masoko, kama kilomita mbili za maji, na ndicho chenye magofu makubwa. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19, upande wa kaskazini, uliokua kwa biashara ya pembe na watumwa, kisha Wajerumani wakaufanya makao yao.

Halafu kuna jina jingine linalopotosha watu. Songo Mnara, yenye magofu, iko kusini mwa Kisiwani. Songosongo, inakotoka gesi, ni kisiwa kingine kabisa, kaskazini. Ukimwambia mtu bandarini "nataka kwenda Songo" bila kumalizia jina, anaweza kukuelekeza kwenye boti ya wafanyakazi wa gesi. Taja jina lote.

Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 viliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu bahari ilikuwa inakula ukingo na kuta zinaanguka, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, vikaondolewa kwenye orodha hiyo. Ukifika utaona sehemu zilizotiwa chokaa upya na sehemu zilizoachwa kama zilivyo. Usidhani mafundi walisahau. Kinachofanyika ni kuuzuia ukuta usianguke, na hakuna anayejaribu kuufanya uonekane mpya.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, nami ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana. Siku hizo yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakauka kabisa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ikifika tarehe 8 au tarehe 22, maji yanajaa kama saa nne asubuhi, na yanakuwa maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana.

Sasa fikiria unakwenda Songo Mnara. Chombo kinaingia pembeni mwa mikoko, mahali ambapo maji yakitoka panabaki tope tupu. Unataka ufike maji yakiwa yanakaribia kujaa, uzunguke saa mbili au tatu, utoke kabla hayajaenda mbali. Hesabu hiyo inakupa tarehe 7 hadi 11 za mwezi, au 22 hadi 26. Siku hizo maji yanajaa kati ya saa tatu na saa saba mchana, wakati wenyewe wa kutembea. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ziepuke, isipokuwa nahodha amekuhakikishia kwa kinywa chake kwamba ana mahali pa kutia nanga kwenye kina.

Kwa Kisiwani huna haja ya kuwa mkali namna hiyo. Kuvuka ni kama dakika 20 kwa mashine. Maji yakiwa yametoka utakunja suruali na kutembea kidogo ndani ya maji ya goti, basi. Kwa hiyo kama ratiba yako haibadiliki na umeangukia bamvua, tumia siku zote Kisiwani na uiache Songo Mnara kwa safari nyingine. Mimi ningefanya hivyo bila kusita.

Msimu nao una neno lake. Masika, Machi hadi Mei, njia za miguu visiwani hujaa matope na nyasi huficha misingi ya kuta. Barabara nayo husumbua: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu eneo la Somanga, kaskazini mwa Nangurukuru, magari ya Dar na ya kusini yakakwama pande zote mbili. Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kusini, inavuma, anga safi, lakini mchana bahari inachafuka. Ukienda wakati huo, toka asubuhi na rudi mapema. Septemba hadi mwanzo wa Novemba, kusi inapolegea na kaskazi, upepo wa kaskazini, bado haijaingia, ndio wakati ninaoupenda. Bahari inatulia mpaka unaona chini.

Kufika

Ukitokea Mtwara, panda basi lolote la Dar, uwaambie wakushushe Nangurukuru. Ni kama kilomita 270. Ukitokea Lindi mjini ni kama kilomita 170. Panda basi la alfajiri ili ufike kabla ya adhuhuri. Kondakta mwambie mapema na umkumbushe ukishavuka Mchinga, maana mabasi ya Dar yana haraka na abiria wa Nangurukuru huwa wachache. Makonda wengi watakudai nauli ya kupindukia kwa hoja kwamba kiti kingeuzwa hadi Dar. Hilo mlimalize kabla ya kupanda.

Nangurukuru ni njia panda yenye vibanda vya chipsi na matunda. Kutoka hapo hadi Masoko ni kama kilomita 30 za lami, na kuna Noah na gari ndogo zinazosubiri zijae. Mkiwa wawili msikubali kulipia gari zima eti "mnakodi", subirini, zinajaa.

Masoko: mambo matatu siku ile ile mnayofika

La kwanza ni kibali. Magofu haya yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na ofisi iko Masoko. Huvuki kienyeji. Unakwenda ofisini, unaandikishwa, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unapewa stakabadhi na kupangiwa mwongoza watalii. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na bila kitambulisho utabaki unajieleza. Fanyeni jambo hili mchana wa kufika, ofisi ikiwa wazi, kwa siku zote mbili kwa mpigo. Ukiacha hadi asubuhi ya safari utapoteza saa mbili, na saa mbili za bahari huzipati tena.

La pili ni chombo. Mashua ina bei moja, muwe wawili au wanane, kwa hiyo ulizeni pale ofisini na kwenye nyumba ya wageni kama kuna wengine wanaokwenda kesho. Sisi tulipata vijana watatu wanafunzi, gharama ikagawanyika kwa watano. Kisha nendeni wenyewe ufukweni mkaonane na nahodha, msimalizane na dalali. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda kutembea?"

"Ndiyo mzee. Kesho Kisiwani, kesho kutwa Songo Mnara. Kesho kutwa maji yanajaa saa ngapi?"

Akatazama kando kidogo, akahesabu kwa vidole. "Saa nne na kitu. Tutoke saa mbili kasoro. Saa saba nawataka chomboni, msinicheleweshe."

Nahodha anayejibu swali la maji bila kubabaika, na anayekupangia saa ya kurudi kabla hujamwuliza, huyo ndiye. Anayesema "wakati wowote tu, dada" mwambie asante na uende kwa mwingine. Kabla ya kukubaliana, ona kwa macho yako jaketi okozi moja kwa kila mtu, ona kopo la kutolea maji yanayoingia chomboni, ulizia mafuta ya akiba na kama kuna tanga mashine ikizima. Kubalianeni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na mlipe sehemu iliyobaki mkisharudi bara.

La tatu, kulala. Masoko ina nyumba za wageni za bei ya kawaida karibu na soko, na hoteli chache upande wa ufukwe wa Jimbizi. Kwa watu wawili wanaotaka kutembea na si kukaa hotelini, gesti safi karibu na soko inatosha. Jioni nendeni Jimbizi kuoga, halafu mle sokoni: wali wa nazi, samaki wa kupaka, au pweza wa kuchoma kama wapo. Mwambie mama lishe jioni hiyo hiyo akufungie chapati na maharage ya asubuhi. Visiwani hakuna hoteli ya kutegemea.

Siku ya Kisiwani

Ondokeni saa moja. Mwongozaji kwa kawaida ataanzia Gereza, yaani ngome ya ufukweni, kwa sababu ndiyo iliyo mbele yako ukishuka. Mimi nakushauri umwombe kwa adabu aanzie Husuni Kubwa, upande wa mashariki, na Msikiti Mkuu uwe wa mchana. Njia ya Husuni iko wazi kwa jua, na asubuhi bado kuna baridi. Msikitini kuna kivuli.

Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala kati ya miaka ya 1310 na 1333 hivi. Iko juu ya gema, bahari chini yake. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni, maghala ya bidhaa, na ngazi za kushuka hadi majini. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu, akaandika kwamba watu walimwita Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa zawadi, kwa ukarimu wake. Simama kwenye ua unaotazama bahari na ujiulize fedha zote hizo zilitoka wapi. Dhahabu ilitoka bara, nchi ya Zimbabwe, ikashuka Sofala, pwani ya Msumbiji, na Kilwa ikashika njia yake. Na kwa nini Kilwa, isiwe mji mwingine wa kusini zaidi? Upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na kwa kawaida Kilwa ilikuwa kama mwisho wa mahali ambapo chombo kingeweza kufika, kikafanya biashara na kurudi ndani ya msimu mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upepo ule ule uliotutesa sisi ndio uliojenga jumba hili.

Nenda taratibu kwenye birika la kuogea. Lina pembe nane, limechimbwa chini ya usawa wa ua, na kila upande una umbo lake la kukalia. Rafiki yangu aliketi ukingoni akanyamaza kwa muda mrefu. Baadaye akaniuliza, "Maji yalifikaje huku juu?" Hilo ni swali zuri la kumwuliza mwongozaji. Kisha jirani yake kuna Husuni Ndogo, ukuta wa mstatili wenye minara, ambayo mpaka leo wachimbaji wa mambo ya kale hawajakubaliana ilikuwa ya nini. Dakika kumi zinatosha.

Rudini kijijini. Kisiwani wanaishi watu, wana mashamba, mbuzi na visima vyao, na njia yenu inapita kati ya nyumba zao. Salimieni kila mtu, wakubwa kwa shikamoo. Vaeni nguo za heshima: mwanamke awe na kanga ya kujitanda, mwanamume asiwe na kaptula fupi. Msipige picha ya mtu, hasa mama akiwa uani kwake, bila kumwomba. Mkitaka madafu, ulizeni. Watu wapo wa kukwea, na fedha hiyo inabaki kisiwani.

Sasa Msikiti Mkuu, na hapa tengeni saa nzima.

Una sehemu mbili. Sehemu ya kaskazini ni ndogo na ya kale zaidi, ya karne ya 11 hadi ya 12. Sehemu ya kusini ni kubwa, ilianza kuongezwa wakati wa al-Hasan bin Sulaiman, ikaja kujengwa upya katika karne ya 15 baada ya kuanguka. Ili usipotee, tafuta mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, upande wa kuswalia. Kilwa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla ni kaskazini. Ukishaiona mihrabu umepata dira, na magofu yote ya kisiwa yanakaa sawa kichwani.

Ingia chini ya matao ya kusini, simama karibu na nguzo ya pembe nane, na weka kiganja. Usisukume wala usikwaruze, weka tu. Utahisi mashimo madogo madogo, mamia kwa mamia, na ukisogeza macho utaona vimistari vilivyojipanga kama nyota. Hayo ni matumbawe. Mafundi walikuwa na aina mbili za jiwe la matumbawe. La kawaida la kuta lilichimbwa nchi kavu, gumu na lisilo na umbo. La kuchonga, la mihrabu na fremu za milango, lilikatwa baharini likiwa bado bichi na laini, likachongwa haraka, na lilipokauka likawa gumu. Chokaa ya kushikiza ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Msikiti mzima, ukiondoa mbao, ni matumbawe.

Kitu kimoja zaidi wengi hawakioni. Angalia upana wa vyumba katika nyumba za mawe na katika msikiti wa kale: vinakaribiana, ni vyembamba na virefu. Dari bapa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana wa mita tatu hivi bila kupinda. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba. Kisha utazame kuba za kusini, ambako mafundi waliachana na boriti wakajifunza kuifanya chokaa ijibebe yenyewe.

Msikiti Mdogo wa Kuba uko hatua chache kutoka hapo, ni wa karne ya 15, na ndio uliosalimika vizuri kuliko yote. Inua macho kwenye kuba: utaona alama za duara ambako mabakuli ya kung'aa yalipachikwa kama mapambo. Vigae vya mabakuli ya namna hiyo, ya China na Uajemi, utaviona pia chini, njiani, baada ya mvua. Usiokote hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na kigae kikishatoka mahali pake kinakuwa kipande cha sahani tu. Kikiwa pale kinamwambia mchimbaji ni mwaka gani sakafu ilikanyagwa.

Vivyo hivyo sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa za Mungu, na maneno ya pande mbili yana vina. Moja ilipatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa na askari mwaka 1944 kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na hakuna aliyeweza kueleza kwa hakika zilifikaje huko.

Makutani ni ya mwisho kabla ya Gereza: jumba la masultani wa karne ya 18, mji uliponyanyuka tena, lenye kuta ndefu zilizolipa jina. Lipitieni haraka kama mmechoka. Gereza lenyewe lina hadithi mbili ndani ya ukuta mmoja. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Ngome unayoiona leo ni kazi ya Waomani wa karibu mwaka 1800, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Simama mlangoni utazame jinsi bahari inavyokula upande wake mmoja, na ukuta uliojengwa kuizuia.

Saa nane muwe chomboni.

Siku ya Songo Mnara

Kwa mashua yenye mashine ni saa moja na nusu hadi mbili. Njia inapita kati ya visiwa na mikoko, kwa hiyo mawimbi si ya bahari kuu, lakini kwa mtu wa bara bado ni safari. Rafiki yangu nilimketisha katikati ya chombo, uso mbele, nikamwambia atazame ufuko wa mbali na asitazame simu. Alitafuna tangawizi mbichi njia nzima. Hakutapika. Asubuhi hiyo alikuwa amekula chapati moja na chai isiyo na maziwa, na nadhani hilo lilisaidia kuliko yote.

Mkifika, mtashuka kwenye maji na kupita kando ya mikoko. Hapa viatu vinahitajika, vya kufunga, vya kulowa. Kandambili zinabaki kwenye tope, na mizizi ya mikoko na makome hukata nyayo.

Kisiwani uliona majengo makubwa moja moja. Songo Mnara unaona mji. Kuna jumba, misikiti mitano, na nyumba za mawe zaidi ya 30 zilizobaki na kuta, zote ndani ya boma, za karne ya 14 hadi ya 16. Chagua nyumba moja tu na uisome yote. Panda ngazi za mbele, ingia kwenye ua uliozama kidogo, ona baraza walikokaa wageni, kisha pita ukumbi hadi chumba cha ndani kabisa ambako mgeni hakufika. Tafuta zidaka ukutani. Tafuta choo. Rafiki yangu alisimama katika chumba cha ndani akasema, "Hii ni nyumba ya bibi," na alikuwa sahihi, maana mpangilio huo wa nje kwa mgeni na ndani kwa wenye nyumba tunao mpaka leo.

Tangu 2009 watafiti Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones wamechimba hapa, na chini ya sakafu ya nyumba moja zilikutwa sarafu za shaba zaidi ya 300 zimewekwa pamoja. Waligundua pia kwamba uwanja wa katikati, unaoonekana mtupu, uliachwa wazi kwa makusudi, na makaburi yakiwa ndani yake. Kwa hiyo msiukate kwa mkato mkikanyaga popote. Fuateni njia ya mwongozaji.

Kuta za hapa hazijakarabatiwa zote. Msipande, msiegemee, msiketi chini ya tao lenye ufa. Na saa aliyowapa nahodha ikifika, tokeni hata kama bado mnatamani.

Kivinje mkiondoka

Siku ya tatu baada ya ile ya kufika, fungeni mizigo na mpitie Kivinje. Njia panda yake iko kwenye barabara ile ile ya Masoko, karibu zaidi na Nangurukuru, na bodaboda zipo. Saa mbili zinatosha. Kuna boma la Wajerumani linalobomoka mbele ya bahari, nyumba za wafanyabiashara zenye milango ya kuchongwa, na soko la samaki. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga, kwenye mwembe, na mahali pale pakaitwa Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye vita vya Maji Maji vikaanzia kwenye milima ya Umatumbi, nyuma ya mji huu, na wengine wakanyongwa hapa. Kuna mnara wa kumbukumbu. Ukitoka kuona majumba ya masultani, ni haki ufike na hapa.

Vya kubeba, kwa ufupi

Kila mtu lita tatu za maji kwa siku ya visiwani. Kofia ya ukingo mpana, kanga au kikoi, viatu vya kulowa na vingine vikavu. Mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Kitambulisho. Noti ndogo ndogo, kwa sababu muuza madafu hana chenji. Dawa za mtu mwenyewe. Tochi kwa gesti, umeme ukikatika.

Mkirudi Nangurukuru, mabasi yanayotoka Dar alfajiri kwenda kusini hupita mchana, na mengi yamejaa. Mpigie mtu wa kukatia tiketi jana yake akushikie viti viwili. Na viatu vyenu vya baharini vioshwe kwa maji baridi usiku ule ule mnaofika nyumbani, kabla chumvi haijala gundi.